Daftari la Diko Lilivyopata Wasomaji

Mimi ni bwana diko. Kwa asiyekuwa wa Unguja nieleze: diko ni pale vyombo vinaposhusha samaki, na bwana diko ni mtu wa uvuvi anayesimama hapo na daftari. Ngalawa ikigota naandika ni chombo gani, kimebeba wavuvi wangapi, wametumia mshipi, dema au nyavu, wameleta samaki wa aina gani, kilo ngapi, na mnadani wameuzwa kwa bei gani. Diko langu liko kusini, upande wa Kizimkazi, ndani ya Hifadhi ya Ghuba ya Menai iliyotangazwa mwaka 1997.

Kwa miaka mingi kazi hii niliifanya kwa uaminifu lakini bila hamu. Mwisho wa mwezi karatasi zilikwenda mjini, zikaingia ofisini, na kwa kadiri nilivyojua safari yake ikakomea hapo. Hapakuwa na mtu aliyenirudia akaniambia, "Bwana, hapa pana jambo, hebu nieleze." Wavuvi walilijua hilo kabla yangu. Walikuwa wakinitania: "Andika, Bwana Diko, andika. Samaki akishaandikwa hunona?" Nilicheka nao, maana jibu sikuwa nalo.

Ushuhuda wangu ni wa jinsi jibu lilivyopatikana, na jinsi mtu wa kuandika nilivyogeuka mtu wa kuuliza.

Aliyeanzisha mambo ni binti mmoja mwanafunzi wa utafiti. Alifika dikoni na ubao wa kupimia samaki, na kwapani ana nakala za karatasi zangu mwenyewe. Niliona zimepigwa mistari myekundu, moyo ukanidunda. Akaniamkia, "Shikamoo, ami," nikamwitikia, akakunjua ukurasa. "Mwezi huu chafi wameanguka sana, halafu mwezi wa pili yake wamerudi. Nimetazama upepo, nimetazama mvua, sioni sababu. Wewe unaonaje?"

Nikatazama tarehe. "Mwanangu, huo si ulikuwa mwezi wa Ramadhani?"

Akaweka mkono kinywani. Yeye mwenyewe alifunga mwezi huo huo, lakini kwenye jedwali la kompyuta Ramadhani haionekani. Kila mwaka inarudi nyuma siku kama 11, mwaka mmoja imekaa kwenye Aprili, baada ya miaka michache imehamia Machi, na kompyuta inajua Aprili na Machi tu. Chafi walikuwepo baharini kama kawaida. Waliokuwa hawapo ni wavuvi. Wengi hupumzika mwezi huo, na wanaotoka hugeuza mapema wawahi kufuturu. Binti akaandika pembeni ya karatasi, akanishukuru, akaendelea na swali jengine, na jengine. Jioni nilipokwenda zangu nyumbani nilitoa madaftari ya zamani nikaanza kuyapekua. Nilikuwa nimeyahifadhi tu. Siku hiyo nilikuwa natafuta kitu ndani yake.

Tokea hapo tukawa tunaulizana. Yeye alinifundisha jambo ambalo sasa nalisema kwa kila anayenisikiliza: kilo peke yake haisemi kitu. Tuseme leo dikoni zimeingia kilo 300, na mwakani siku kama ya leo zikaingia kilo 300. Mtu wa ofisini atasema bahari iko vile vile. Lakini ikiwa leo zimeletwa na ngalawa 10, na mwakani zimeletwa na ngalawa 20, basi kila chombo kimepata nusu ya kilichopata mwanzo. Kwa hiyo wataalamu huchukua mavuno wakayagawa kwa juhudi: vyombo vingapi, saa ngapi, mitego mingapi. Ile safu ya idadi ya wavuvi na saa za kutoka na kurudi, ambayo kila mtu huiona kuwa ni ya kujazia karatasi, ndiyo inayofanya safu ya kilo iwe na maana.

Mimi nami nilikuwa na la kumfundisha. Karatasi haiulizi umbali. Mzee mmoja wa mshipi alituambia sote wawili kwamba ujana wake alikuwa akivua huku anauona msikiti wa kijijini, na sasa watoto wake huenda mpaka nchi kavu inawapotea machoni. Saa za baharini zinaweza kuwa zile zile, lakini zamani zilikuwa za kuvua na sasa nusu yake ni za kwenda. Petroli nayo hairekodiwi, wala boti aliyokopeshwa mvuvi na tajiri wa samaki, ambayo humlazimisha atoke hata siku asiyotaka. Tukakubaliana kwamba hayo nitayaandika kwenye pambizo. Mpaka leo pambizo za daftari langu zimejaa kuliko safu zake.

Jambo jengine ni mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na sasa taa za betri, na huvuliwa giza linapokuwa giza kweli. Mwezi ukipevuka nuru hutapakaa kote, taa ya mvuvi haivuti kitu, na vyombo hukaa. Sasa karatasi zetu hufungwa kwa kalenda ya Januari, Februari. Mwezi mmoja wa kalenda unaweza kubeba siku nyingi za giza, na mwengine ukabeba chache, kwa sababu tu mbalamwezi iliangukia mwanzo na mwisho wake. Mtu wa mbali akitazama atasema dagaa wamepanda, kisha wameshuka. Mvuvi atamwambia hakuna kilichopanda wala kushuka, hesabu yako ndiyo iliyokata mwezi vipande. Nilipolieleza hili, binti akaomba nimwandikie tarehe za mwezi muandamo pembeni ya kila ukurasa. Si kazi kubwa. Sisi tunazijua kwa ibada kabla hatujazijua kwa samaki.

Baada ya muda alinialika mjini. Taasisi ya Sayansi za Bahari, ambayo ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo ilikuwa kwenye jengo lake pale Mizingani, Mji Mkongwe, ukitoka bandarini unaelekea Forodhani. Nimepita mbele yake tangu mtoto bila kujua kinachofanyika ndani. Nilikaa nyuma ya chumba, nikasikia watu wakibishana juu ya samaki kwa heshima na kwa ukali, na mara mbili tatu nikageukiwa mimi: "Bwana Diko, huko kwenu vipi?"

Humo ndimo nilimojua kwamba kuulizana juu ya samaki ni jambo la kale Unguja. Kabla ya Taasisi kuanzishwa mwaka 1978, Zanzibar ilikuwa makao ya shirika la utafiti wa uvuvi wa bahari la Afrika Mashariki, lililoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wataalamu wake walichunguza maji ya Kenya, Tanganyika na Zanzibar wakiwa hapa hapa mjini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Chuo Kikuu kikaichukua kazi hiyo. Mwaka 1993 ikaundwa WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa magharibi ya Bahari ya Hindi, nayo makao yake yako Unguja. Kwa hiyo mtafiti wa Maputo, wa Toliara au wa Mombasa akiwa na swali la samaki, swali hilo mara nyingi hupita kisiwani kwetu.

Lakini kisa kilichonikaa zaidi ni cha samaki aitwaye silikanti. Mwishoni mwa mwaka 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, aliyesimamia makumbusho madogo katika mji wa East London, Afrika Kusini, aliona samaki asiyemfahamu kwenye shehena ya meli ya uvuvi. Hakunyamaza. Alimchora, akamwandikia barua J.L.B. Smith, mwalimu wa chuo mjini Grahamstown. Barua ilichelewa kwa sikukuu, lakini Smith alipouona mchoro alitambua kuwa ni samaki ambaye dunia nzima iliamini amekwisha tangu zama za mijusi wakubwa. Akaanza kumtafuta wa pili. Alichapisha karatasi yenye picha na ahadi ya pauni 100, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, akaisambaza pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1952 Smith na mkewe Margaret walikuwa Zanzibar kwa kazi ya samaki, na hapo Margaret akakutana na nahodha mmoja Muingereza, Eric Hunt, aliyekuwa akifanya biashara kwa jahazi baina ya hapa na Komoro. Akampa karatasi aende nazo.

Desemba mwaka huo huo, huko Anjouan, mvuvi Ahamadi Abdallah alimvua samaki mkubwa kwa mshipi, akampeleka sokoni. Mwalimu wa skuli, Affane Mohamed, akakumbuka ile picha aliyoiona, akazuia samaki asikatwe. Akapelekewa Hunt, Hunt akampigia simu ya maandishi Smith, na Smith akamwomba waziri mkuu wa Afrika Kusini ndege ya jeshi imchukue. Wavuvi wa Komoro walishangaa kelele zote hizo. Wao samaki huyo walimjua, wakimwita gombessa, na humtoa baharini mara moja moja.

Nilipokisikia kisa hiki sikumfikiria Smith. Nilimfikiria Affane Mohamed. Elimu ilikuwa upande mmoja wa bahari na samaki upande mwengine, na aliyeviunganisha ni mtu wa kijijini aliyeisoma karatasi iliyobandikwa, akajua la kufanya sokoni. Hiyo ni kazi ya bwana diko. Na haikupita. Mwaka 2007 wavuvi wa Unguja walimtoa silikanti wa kilo 27 kule Nungwi. Waliwapasha habari watu wa Taasisi, na Dkt. Narriman Jiddawi na wenzake wakaenda mbio kumtambua. Bila ya ule ujumbe wa wavuvi, pengine angeishia kwenye panga.

Kule mjini pia nilielewa kwa nini binti yule alikuwa mgumu sana kwenye vipimo. Nchi za baridi, mtaalamu akitaka umri wa samaki hutoa kijiwe kilichomo kichwani karibu na sikio, akahesabu pete zake, moja kwa kila mwaka, maana wakati wa baridi samaki hukua polepole na pete hujichora. Maji yetu hayana baridi ya kuchora pete iliyo wazi, na kupima kila kijiwe kwa darubini ni gharama. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1980, mjini Manila, Daniel Pauly na wenzake wakatengeneza programu ya kompyuta iitwayo ELEFAN, ya kukisia ukuaji kwa kutazama urefu wa samaki wengi, mwezi baada ya mwezi. Wadogo wa mwezi huu utawaona ni wakubwa kidogo mwezi ujao. Njia hiyo iliundwa kwa nchi kama zetu, lakini inategemea mtu anayepima sawasawa. Ukimpima chafi leo mpaka ncha ya mkia, na kesho ukampima mpaka kwenye panda ya mkia, umemkuza au umemdumaza samaki ambaye hakufanya kitu. Kwa hiyo siku hizi kila ukurasa wangu una neno juu: "panda". Yeyote atakayeusoma, awe mjini au Mauritius, atajua nimepima vipi.

Mabadiliko yaliyonigusa zaidi hayakutoka kwa mtaalamu. Siku moja ya bamvua nilikuwa nimekaa dikoni, bibi mmoja akapita akitokea mwambani, ndoo mkononi na chuma cha kuchokolea pweza begani. Alisimama akanitazama ninavyoandika.

"Bwana Diko, humo nami nimo?"

"Humu, bibi, tunaandika vyombo."

Akanyanyua mguu uliojaa mchanga. "Basi andika. Chombo changu hiki."

Watu walicheka, na yeye alicheka, lakini swali lake halikuwa la mzaha. Wanawake wa kusini huchokoa pweza kwa miguu maji yanapokupwa. Hawapiti mnadani, mchuuzi huwakuta juu ya mchanga au majumbani. Kwa utaratibu wa karatasi, chakula wanachokileta na fedha wanazozipata hazikuwepo duniani. Nilipolipeleka swali hilo mjini, wageni kutoka pwani nyengine walitikisa vichwa: kwao ni hivyo hivyo. Mmoja akasema, hesabu ya mwamba isiyo na wanawake ni hesabu ya nusu ya mwamba. Nikaanza kukaa ufukweni siku za bamvua, kila kikundi cha watu kinaporudi, nikahesabu miguu kama ninavyohesabu ngalawa.

Hesabu hiyo ilikuja kutufaa. Kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi ya Madagaska, mwaka 2004 kilifunga sehemu ya mwamba wake kwa miezi kadhaa pweza wasivuliwe, kikafungua, kikapata pweza wakubwa. Habari ilisafiri kwa watafiti, kwa mashirika, na kwa wavuvi waliotembeleana. Kwetu Zanzibar shirika la Mwambao lilishirikiana na watu wa Kisiwa Panza, Pemba, kisha na watu wa Kizimkazi, kujaribu jambo kama hilo kwa muda wa miezi mitatu hivi. Sayansi yake ni nyepesi kueleza. Pweza hukua kwa kasi ya ajabu. Mdogo anaweza kuongeza uzito maradufu kwa muda wa mwezi hivi. Na maisha yake ni mafupi, mwaka na kidogo. Jike hutaga mara moja, hukaa pangoni akilinda mayai bila kula, kisha hufa. Ukimchokoa mdogo leo umepoteza kilo za mwezi ujao. Ukimwacha mno, atakufa mwenyewe.

Kwenye mkutano wa kijiji kabla ya kufunga, swali kubwa lilikuwa: nani ataumia? Wanaume wenye miwani ya kuzamia waliweza kwenda mwamba mwengine wa mbali. Wanawake hawakuweza, wanakwenda pale miguu inapofika. Safari hii lilikuwepo daftari lenye miguu ndani yake. Sheha alinitaka nisome, nikasoma. Mazungumzo yakageuka kutoka "tufunge au tusifunge" yakawa "tufunge wapi". Hilo kwangu lilikuwa jambo kubwa kuliko cheti chochote.

Sisemi kila kitu kitolewe. Kuulizana kuna adabu yake. Mvuvi huupata mwamba wake kwa alama: hulinganisha mnazi na mnara, au kilima na paa la nyumba, na alama hizo alizirithi kwa baba yake. Mimi siziandiki. Naandika eneo kwa upana, na mtafiti anayetaka zaidi humuuliza mvuvi mwenyewe. Vile vile kuna mahali samaki hukusanyika kutaga. Likitajwa hovyo, kabla ya wiki kwisha nyavu za wavuvi wa dago, wale wa kuhamahama, kutoka pande zote zishafika. Nimewaambia hivyo wataalamu, nao wakanielewa, kwa sababu wengi wameshaona huko kwao. Na wavuvi waliponiona nakataa kuandika baadhi ya mambo, ndipo walipoanza kunipa mengine kwa ukweli. Zamani baadhi yao walipunguza kilo wakihofia kodi, wengine waliongeza kwa kujifakharisha.

Sasa kila baada ya mwezi tunakaa barazani baada ya sala ya alasiri. Nasoma: chombo kimoja kwa siku kimepata wastani gani, chafi wamefika urefu gani, pweza wametoka wangapi kwa miguu na wangapi kwa kuzamia. Mzee atapinga, kijana atampinga mzee, na mimi naandika wanachopingana. Likibaki swali tusilolijua, nalipeleka kwa watu wa Taasisi. Jibu likija, nalisoma kwa Kiswahili cha dikoni.

Kwa mabwana diko wenzangu wa Mkokotoni, Chwaka, Fumba na kwengineko nina maneno matatu. Baki na nakala yako. Tumia pambizo. Na kila karatasi inayopanda mjini ipandishwe na swali moja, hata la mstari mmoja, kwa sababu anayetumiwa hesabu anaweza kukaa kimya, lakini anayeulizwa hulazimika kusoma.

Na kwa watafiti: ukija Unguja kuuliza habari za samaki, karibu sana, ubao wa kupimia tutakushikia. Lakini uje na jibu la swali tulilomuuliza aliyekutangulia.